Kati ya mama na musawo

Kiganda changu nilikipata kwa kutembeza vitenge. Nilifika Kampala mwaka 2012 kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, mtoto mmoja mgongoni, mwingine nimemshika mkono, na mwezi wa pili tu nilikuwa na vitenge sita begani, napanda na kushuka vilima vya Katwe, Nsambya na Kabalagala nikigonga mageti ya watu. Anayetaka kuuza lazima aseme. Nilianza na "nnyabo, gula," yaani mama, nunua, kisha bei, kisha rangi, kisha habari za watoto, maana mama wa Kampala hanunui kwa mtu asiyejua kuamkia. Ukimrukia na bei kabla ya salamu, geti linafungwa. Baada ya miaka miwili nilikuwa nabishana bei bila kutafuta maneno. Sikuwaza hata siku moja kwamba Kiganda hicho cha biashara kingenifikisha kwenye chumba cha kuzalia, nami si mgonjwa wala si muuguzi.

Tulikuwa tunapanga vyumba vinavyotazamana, mimi na mama mmoja wa Fizi. Mwishoni mwa 2014 alikuwa na mimba ya tatu. Ile ya pili, huko nyumbani, ilimwangusha kifafa cha mimba; alikaa siku mbili hajitambui. Alipozinduka wauguzi wa kule walimwambia mbele ya mama yake mzazi: mimba nyingine ukiibeba, popote utakapokuwa, mwambie munganga, yaani daktari, wa kwanza utakayemwona kwamba uko na tansiyo. Ndilo agizo alilovuka nalo mpaka.

Alikwenda kliniki mapema, tumbo halijaonekana bado. Kituo chenyewe sikitaji. Ni cha serikali, kina wagonjwa wengi na wauguzi wachache, na waliokuwepo siku ile siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Akasema neno lake: "Niko na tansiyo." Muuguzi hakujua Kiswahili, lakini neno hilo alilisikia, tena vizuri. Alilisikia kwa Kiingereza. Sisi wa Kongo tansiyo tumeipata kwenye Kifaransa cha Wabelgiji na kwetu ni presha, damu kwenda kwa nguvu. Kwa Kiingereza cha Uganda neno hilohilo ni mawazo, wasiwasi, roho isiyotulia. Muuguzi akamtazama mwanamke aliyekimbia vita, akaona ana haki ya kuwa na mawazo. Akampigapiga bega, akanyoosha kidole juu, yaani Mungu yupo. Mashine ya kupimia presha siku hiyo haikuwa na betri. Akampa vidonge vya kuongeza damu, akaandika mistari miwili kwenye kadaftari, akamwambia arudi.

Alirudi. Mara tatu alisema tansiyo, mara tatu akapigwapigwa bega.

Usiku mmoja, mimba ikiwa mwezi wa nane, mumewe akanigongea. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umevimba, kichwa amekishika kwa mikono miwili. "Yaya, kichwa inaniuma sana. Siko naona muzuri, niko naona nyota-nyota." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Mume hakuwa na hela ya boda. Mimi nilikuwa na elfu kumi ya vitenge vya siku hiyo. Tukampandisha katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, mumewe anakimbia kwa miguu. Kituoni geti lilikuwa limefungwa, na mlinzi alifungua aliponisikia nikimwomba kwa Kiganda. Walipompima tu wakatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa, na degedege likamkuta njiani. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa kimya. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi.

Wiki iliyofuata nilirudi kituoni kufuata karatasi zake. Mkunga mmoja wa makamo aliyekuwa zamu akaniuliza kwa upole kama mgonjwa wetu aliwahi kuwa na presha kabla ya hapo. Nikamwambia, kwa hasira ambayo mpaka leo siioni kosa: aliwaambia, mara tatu, aliwaambia ana tansiyo. Akarudia, "Tension?" Halafu akakaa. Akachukua kile kidaftari, akanionyesha ilipoandikwa kwa Kiingereza kwamba mama analalamika kuwa na wasiwasi.

Hakujitetea. Alinieleza kitu ambacho sikuwa najua, na ninakiandika hapa kwa ajili ya mama mwingine. Mwanamke aliyewahi kuanguka kifafa cha mimba hatazamwi kama wengine. Hupewa aspirini ndogo kila siku kuanzia mwezi wa tatu hivi, kabla miezi mitano haijatimia. Presha na mkojo hupimwa kila anapofika. Ikigonga 140 kwa 90, hata kama anajisikia mzima, hatumwi nyumbani hivihivi. Hupangiwa kuzaa mahali penye chumba cha upasuaji, ambapo kwa Uganda ni kituo cha ngazi ya nne kwenda juu, na penye dawa ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Vitu hivyo vyote vilikuwepo Kampala, vingine kilomita mbili kutoka chumbani kwake. Vilikuwa vinangoja neno moja lisikike.

Kisha akaniuliza kama naweza kuja siku za Alhamisi, siku ya kliniki ya wajawazito. Nikamwambia Alhamisi natembeza vitenge. Akasema anajua. Nilikwenda.

Watu wanaoongea kuhusu wanawake wageni na hospitali huanza na pesa na umbali, na si uongo. Uganda ilifuta malipo kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, na mkimbizi huingia mlango uleule anaoingia mwenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kuishi mjini na kufanya kazi. Lakini anayeishi mjini hapati posho ya kambini, anajitegemea. Utaambiwa ununue glovu, ununue pamba na kavera, plastiki nyeusi ya kutandika kitandani, ukapige skani kwa mtu binafsi kwa sababu ya hapa imeharibika. Boda ya usiku ina bei yake. Haya yanaumiza, na wenyeji maskini wanaumia nayo vilevile. Ila mwenyeji akishafika mbele ya musawo, ndivyo Waganda wanavyomwita daktari au muuguzi, anasema linalomuuma. Sisi tulikuwa tunalipa boda, tunalipa glovu, tunakaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, halafu tukifika mbele ya meza tunakuwa mabubu.

Shangazi yangu alikuwa Nakivale, huko Isingiro, kwenye makazi ya zamani kuliko umri wangu. Kule wamezoea. Wanasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na Kisomali kila siku, na katika watu wanaopita nyumba kwa nyumba kuangalia afya za majirani wamo wakimbizi wenyewe. Mjini kila mtu alidhani atakayekuja atakuja na wa kwake wa kumsemea.

Na kweli tulikuja na wa kwetu. Waume walikuja. Wengi wao walijua Kiganda kuliko sisi kwa sababu wanashinda kwenye ujenzi, wakati mke anashinda chumbani na watoto. Nakumbuka baba mmoja mpole, aliyemshika mkewe mkono tangu getini. Musawo akauliza kama mama angependa kupumzika kidogo kabla ya mimba nyingine, kuna sindano, kuna kijiti cha mkononi. Baba akajibu palepale, kwa heshima, kwamba hapana, hawataki. Mkewe hakuwa ameulizwa. Alikuwa anatazama bango ukutani. Nje, tukiwa foleni ya choo, akaniambia, "Yaya, mimi nilikuwa nataka ile sindano. Nimeona picha yake." Watoto sita, wa mwisho hajatembea. Tangu siku hiyo tukawa na desturi na yule mkunga: baba akija na mkewe anakaribishwa, anasalimiwa, anapewa kiti, na likifika swali la namna hiyo anatumwa kwenye dirisha la dawa. Foleni ya dirishani ni ndefu. Mama anabaki dakika kumi na ulimi wake.

Watoto pia walikuja, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto akiwekwa shule ya hapa, kwa mwaka mmoja tu anaongea Kiganda kama aliyezaliwa Katwe. Basi anakuwa mdomo wa nyumba nzima: kwa mwenye nyumba, kwa polisi, kwa musawo. Mama mmoja alikuja asubuhi na kijana wake wa miaka tisa. Usiku uliotangulia, akirudi kutoka kuosha vyombo kwenye hoteli ndogo, wanaume wawili walimkamata njiani. Alikuja kituoni mapema kama inavyotakiwa. Ila kati yake na musawo alisimama mtoto wake mwenyewe, na kuna maneno ambayo mama hawezi kuyapitisha kinywani mwa mtoto aliyemzaa. Akasema tumbo linamuuma. Kijana akasema tumbo linamuuma. Wakampa dawa ya minyoo.

Mimi aliniambia siku ya tano, tukiwa tunafua. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya tukio kama hilo huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Zile za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Hesabu zote mbili zilikuwa zimepita au zinapita tukiwa tumekaa pale na povu mikononi. Nilimpeleka siku hiyohiyo, akapimwa, akatibiwa magonjwa mengine yaliyowezekana, akaendelea kurudi kupimwa. Virusi hakupata. Lakini miezi ile mitatu ya kungoja majibu alipungua mpaka nguo zikamwanguka, na kijana wake akawa ananiuliza mimi, "Mama wangu yuko na nini?"

Nikirudi kwenye Alhamisi zangu. Miaka miwili ya kwanza nilidhani kazi hii naifanya vizuri, kwa sababu kila mtu alinishukuru. Foleni iliharakishwa. Wauguzi walifurahi kwamba mama anasema mambo matano nami nawaletea moja lenye maana. Nilijiona mwerevu.

Mwaka 2017 akaja mama wa Rutshuru. Aliongea muda mrefu, akilia, kuhusu njia waliyopita, mume aliyebaki nyuma, mtoto wa mwisho aliyemzaa porini baada ya siku tatu za uchungu na hakuishi. Katikati ya maneno hayo akasema, "Tangu ule mtoto, mimi sikauki." Nikadhani ni machozi. Mtu anayelia mbele yako akikuambia hakauki, utadhani nini? Musawo alikuwa anatazama saa, nje wamekaa wanawake arobaini. Nikamwambia, "Anasema amefiwa, halali usiku, na mgongo unamuuma." Akaandikiwa dawa ya maumivu.

Alikuja tena baada ya miaka miwili. Alikuwa amehama vyumba vitatu kwa sababu ya harufu ambayo majirani waliisikia. Kanisani alikaa mlangoni, baadaye akaacha kwenda. Ilikuwa fistula. Mtoto anapokwama njiani kwa siku nyingi, kichwa chake hubana nyama za mama mpaka zinakufa, tundu linabaki, na mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Alikuwa ameniambia. Aliniambia kwa lugha yangu, nikaiacha mezani kwa sababu nilitaka kufupisha. Kwao alisikia kwamba hospitali ya Panzi, kule Bukavu, kwa Daktari Mukwege, wanawake hutengenezwa, naye aliamini kwamba alipovuka mpaka aliiacha dawa nyuma yake. Hakujua kwamba hata Uganda wanatengeneza, tena bila malipo katika kambi za upasuaji. Alitengenezwa katika hospitali ya Kitovu, Masaka. Aliporudi alikuja kwangu na kitenge kipya amejifunga, akakaa kwenye kiti changu cha kitambaa, akakaa muda mrefu. Sikuweza kuzuia kulia. Nilimwomba msamaha. Aliniambia niache, hakuwa na hasira nami, na jibu lake hilo lilinielemea kuliko kama angenitukana.

Baada ya hapo nilikataa kufupisha. Mama akisema mambo matano musawo anapata matano, hata kama moja ni ndoto aliyoota. Asiposema, nami sisemi. Nikikosa kuelewa nauliza, "Mama, hukauki nini?" Na sijibu kwa niaba ya mtu hata kama jibu nalijua, hata kama ni jirani yangu na watoto wake nawajua majina. Mradi mmoja ulikuja ukatufundisha hayo rasmi kwa siku nne, wanawake watatu tuliokuwa tunafanya kazi hii kwenye vituo mbalimbali, na jambo moja walilotufundisha nililipinga mwanzoni: kwamba niseme "mimi" mama anaposema "mimi", nisiseme "anasema kwamba". Niliona ni kama kuigiza. Nilipojaribu, niliona macho ya muuguzi yanahama kutoka usoni kwangu kwenda kwa mgonjwa. Sasa siwezi kufanya vingine.

Kuhusu siri sikuhitaji kufundishwa na mtu, nilifundishwa na mtaa. Wakongo wa Katwe tunajuana. Mkalimani ni yuleyule unayepanga naye foleni ya maji, anayesali na mama mkwe wako. Wanawake walionijia mwanzoni walisema mambo madogo tu, malaria na kikohozi, wakawa wananipima. Wakangoja waone kama yatarudi kupitia mdomo mwingine. Ilichukua karibu mwaka kabla mama wa kwanza hajaniruhusu nimsikie akisema kwamba anameza dawa za virusi, na mumewe hajui. Ningeteleza mara moja tu kwenye maongezi ya jioni, Alhamisi zangu zingekufa.

Kuna jambo la Kiswahili chenyewe. Wengi hapa, hasa wazee, walikijua kwanza kama lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wauguzi wanaofanya kazi leo walikwisha maliza shule. Nimeona mkunga wa miaka hamsini na kitu akikaza mabega anaposemeshwa Kiswahili na mgonjwa aliyelala, asiye na silaha yoyote ila uchungu. Siwalaumu, kila mtu ana alichokiona. Nimejifunza kuingia na "wasuze otya, nnyabo" kwanza, nikamaliza salamu zote kama nilivyokuwa nikifanya getini na vitenge, ndipo nifungue Kiswahili.

Na Kiswahili si kimoja. Kijana mmoja aliyekisoma vizuri, cha vitabu, alikuja kutusaidia, akawauliza akina mama, "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Wakamtazama tu. Kwetu mtu anaenda ku mwezi. Alipowaambia wasiende kwa mganga wakashangaa, maana munganga wetu ni daktari, na hapo ndipo walipokuwa wamekaa. Kiganda nacho kina mitego yake. Olubuto ni tumbo, na olubuto ni mimba. Omusujja ni homa, na wengi wakisema omusujja wanamaanisha malaria, kwa hiyo mama akisema ana homa na neno likapita moja kwa moja, anaweza kurudi nyumbani na dawa ya malaria wakati ana maambukizi ya uzazi baada ya kujifungua.

Neno lililotutesa zaidi ni la chumbani kule kwenyewe. Mkunga wa Kiganda akitaka mama asukume anasema, "Sindika!" Akitaka asisukume, kwa sababu njia haijafunguka yote au kichwa kinatoka kwa kasi na mama atachanika, anasema, "Tosindika!" Tofauti ni hiyo "to" ya mwanzo, na mtu aliye katika uchungu haisikii. Kwa Kiswahili tunasindika mlango, tunaurudishia. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba kila alipoambiwa sindika alibana miguu, akidhani anaambiwa ajifunge, na wakampiga makofi mapajani wakimwona mkaidi. Wale waliosukuma walipoambiwa tosindika walichanika vibaya.

Tukatafuta karatasi kubwa ya manila na kalamu nene. Mkunga wangu alisema kwa Kiganda, mimi nikaandika kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kama tunavyosema na si kama inavyoandikwa. Sindika, sukuma. Tosindika, usisukume, pumua. Puleesa, tansiyo. Hapo pa tansiyo alinipokonya kalamu, akapiga mistari miwili chini yake yeye mwenyewe. Tukaongeza ya kutoka damu, ya mtoto kucheza tumboni, ya maji kupasuka, ya macho kuona nyota. Manila ya kwanza ilichafuka kwa miezi mitatu tukaandika nyingine. Ile ya sasa ni ya sita, na wanafunzi wa ukunga wanaokuja kwa mafunzo huipiga picha kwa simu wakaondoka nayo.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mradi uliokuwa unatupa nauli ukafungwa kwa barua moja. Januari hiyohiyo Goma ikatekwa, Februari Bukavu. Wanawake wakaanza kufika, wengine na mimba, wengine na vichanga vilivyozaliwa njiani, wakati wakalimani wawili kati yetu watatu wamerudi sokoni kutafuta chakula cha watoto wao. Siwezi kuwalaumu. Nilikaa na wenzangu wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, tuko kumi na wawili, kila mmoja anatoa elfu tano kwa wiki. Tukakubaliana elfu moja ya kila mtu isigawiwe, ikae kwenye simu ya mweka hazina, iwe ya boda ya usiku ya mama yeyote wa mtaa anayeumwa uchungu, awe mwanachama au asiwe. Na namba yangu ikabandikwa chini ya ile manila. Nikiwa sokoni wananipigia, wanaweka simu kwenye sauti kubwa kando ya kitanda, natafsiri nikiwa nimejificha nyuma ya mabanda na kidole sikio la pili. Si sawa na kuwepo. Sioni uso, sijui mkono umeshika wapi. Lakini ni bora kuliko mtoto wa miaka tisa.

Naliandika hili kwa sababu wiki tatu zilizopita ilinipigia zamu ya usiku, saa nane na nusu. Mama alikuwa wa Kalehe, hana mwezi tangu afike, mtoto wa kwanza, hajui hata kusema maji kwa Kiganda. Mkunga alikuwa yuleyule wangu, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Niliwasha taa, nikakaa kitandani, nikauliza presha kwanza. Iko vizuri, akasema. Nikamsemea mama, nikamsemea mkunga, nikarudi kwa mama, na hapo katikati nikasikia pumzi imebadilika na viti vinasogezwa, na kabla sijafungua mdomo mkunga akasema mwenyewe, kwa Kiswahili cha Kivu, kwa lafudhi ya Buganda, "Usisukume, mama. Pumua. Pumua. Bado." Kisha, baada ya muda ambao sijui ulikuwa wa namna gani, "Haya, sukuma."

Nilinyamaza. Mtoto alilia. Simu ikaendelea kuwa wazi, nasikia maji yanamwagwa kwenye beseni, nasikia mama anauliza kitu kwa sauti ndogo ambayo sikuipata. Mkunga akaichukua simu, akaiweka karibu na mdomo wake.

"Anauliza nini?" akaniambia kwa Kiganda. "Nimeelewa mtoto tu."

Nikamwomba asogeze simu kwa mama, nikamwambia arudie.